Akiba ya Sauti

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha nimeketi nyuma ya darasa, daftari gotini, nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha. Ndiyo iliyokuwa kazi yetu chuoni kila msimu wa mazoezi ya kufundisha: kusikiliza, kuandika, kutoa alama, kisha kumwita kijana pembeni chini ya mwembe na kumweleza alipokosea. Kwa hiyo msomaji asinicheke akisikia kwamba leo, nikiwa na miaka 75, naketi mbele ya kompyuta na daftari la namna ile ile nikisahihisha kazi za DJ. DJ mwenyewe ni mjukuu wangu. Kazi zake nilizo nazo ni mbili, nami nakusudia kuzihakiki hapa bila upendeleo, ingawa moja kati ya hizo siwezi kuisikiliza bila kuona haya, na haya hiyo si ya kijana peke yake.

Miksi, kwa wale ambao hawajapata kuifuatilia, ni msururu wa nyimbo ambazo DJ amezifuma moja ndani ya nyingine, hivi kwamba wimbo unaokuja huanza kusikika kabla unaokwenda haujakoma. Hunaswa yote kwa pamoja, saa nzima au zaidi, ikawa faili moja ya kompyuta, na faili hiyo ndiyo husafiri: kwenye flashi za madereva wa mabasi, kwenye simu, katika saluni na vibanda vya chipsi. Wengi hawaihesabu kuwa sanaa. Mimi naihesabu, kama ninavyomhesabu fundi yule anayechukua vipande vya vitenge vya watu kumi akashona shuka moja ambayo mtu hasiti kuitandika siku ya mgeni. Ninapoihakiki miksi huangalia mambo matatu ambayo kila mtu huyaangalia, yaani uteuzi wa nyimbo, mpangilio wake na maungio yake. Halafu huangalia la nne, ambalo msikilizaji hulihisi bila kulijua jina: kiwango cha sauti iliyonaswa. Mtu wa kawaida hasemi kwamba kiwango kimekosewa. Husema tu baada ya dakika ishirini, "Hebu zima hiyo kitu."

Miksi ya kwanza ilinaswa Agosti 2017 mjini Morogoro, katika sherehe ya kumwaga mjukuu wetu wa kike aliyekuwa anaolewa. Sendofu, kama wanavyosema siku hizi. Kaka yake ndiye aliyekuwa DJ, kijana wa miaka 22, naye alijitwisha kazi mbili kwa wakati mmoja: kuwachezesha watu ukumbini, na kuunasa usiku mzima kwenye kompyuta yake ya mpakato ili familia ibaki na kumbukumbu.

Kuhusu uteuzi sina ugomvi naye. Alifungua kwa Zuwena ya Marijani Rajab wakati wageni wakitafuta viti, akaenda kwa Mbaraka Mwinshehe, jambo ambalo Morogoro ni kama kuwasalimu wenye mji, kisha taarabu akina mama walipokuwa wakiingia na zawadi, kisha Bongo Fleva, na usiku ulipokolea akawatia vijana kwenye singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kumtoa mtu kwenye dansi la enzi zetu, la kuchezwa kwa adabu na viatu vilivyopigwa rangi, hadi kwenye singeli ya Manzese, na wazee wasivikimbie viti vyao, ni ufundi. Niliwaona wenzangu wa rika langu wakitikisa mabega. Uteuzi nampa 85 kwa 100. Maungio nampa 70, maana alikuwa na tabia ya kuukatisha wimbo kabla gitaa halijamaliza usemi wake, na Mbaraka hakupiga gitaa ili mtu amdakie maneno mdomoni.

Kiwango cha sauti nampa 20.

Ukiifungua faili ile kwenye programu ya kunasia sauti, kompyuta hukuchorea sauti kama picha. Hili ni jambo la heri kwa mzee kama mimi, ambaye masikio yangu yameshaacha kusikia milio ya juu. Pale sikio linaposhindwa, jicho huchukua kazi. Dakika za mwanzo unaona milima na mabonde. Ngoma ikipigwa mchoro huruka, mwimbaji akivuta pumzi hushuka. Kufikia dakika ya 40 mabonde yamekwisha, na kinachobaki ni tofali moja refu lisilo na mlango wala dirisha.

Kijana hakulijenga tofali lile kwa siku moja, alilipandia kwa ngazi. DJ huleta kila wimbo mpya ukiwa juu kidogo kuliko unaoondoka, kwa sababu sikio hudanganyika kwa urahisi: kati ya sauti mbili zilizo sawa kwa kila kitu, ile iliyo kubwa kidogo huonekana kuwa nzuri zaidi. Isitoshe, sikio lililokaa saa tatu mbele ya spika huchoka, na likichoka husikia pungufu, na mwenye sikio akidhani sauti imeshuka huipandisha. Nusu desibeli hapa, desibeli moja pale, na baada ya nyimbo 20 kijana yuko juu ya paa pasipo kujua kwamba alikuwa akipanda. Ukumbini hakulalamika mtu, maana ukumbi mzima ulikuwa umechoka masikio pamoja naye. Kompyuta haichoki.

Nyimbo za zamani nazo zilimponza. Zile za akina Marijani, ambazo nyingi zilinaswa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zilipigwa na wanamuziki waliokuwa pamoja chumbani kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa na tamaa ya kuzibana. Kipigo cha ngoma husimama juu sana kuliko wastani wa wimbo wenyewe. Nyimbo za leo hubanwa studioni hadi kipigo na wastani vinakaribia kulingana, ili wimbo uonekane mkubwa redioni. Wala si ugonjwa wetu peke yetu: mwaka 2008 mashabiki wa kundi la Metallica la Marekani walilalamika hadharani kwamba albamu mpya ya kundi lao imebanwa hadi inakwaruza. Sasa DJ akitaka Zuwena isikike sawa na wimbo wa jana, hushika kile kitufe cha kuzungusha kilicho juu kabisa kwenye mashine ya kuchanganyia, ambacho wao hukiita geini, akakizungusha kuume. Wastani unalingana, naam. Lakini vile vipigo vilivyokuwa vimesimama wima vinagonga dari.

Dari hilo inafaa tulitazame vizuri. Katika kompyuta kiwango cha juu kabisa huitwa sifuri, na kila sauti hupimwa kwa kuhesabu ni desibeli ngapi chini yake. Juu ya sifuri hakuna kitu. Kompyuta huiandika sauti kwa namba, na namba zikiisha zimeisha. Katika unasaji wa biti 16, ambao ndio wa diski za CD zilizoingia sokoni mwaka 1982, ziko ngazi 65,536 basi, na wimbi linalotaka kupanda zaidi ya hapo hukatwa kichwa likaachwa bapa. Masikioni ubapa huo ni mkwaruzo, kama bati linaloburuzwa juu ya saruji. Sauti iliyonaswa ndogo mno huweza kukuzwa baadaye, na hasara yake ni uvumi kidogo wa mashine. Kichwa kilichokatwa hakirudi, kwa sababu hakuna popote kilipoandikwa.

Kanda haikuwa hivyo, na hapa nafika kwenye ile haya niliyoitaja. Kijana huyu alijifunza kunasa sauti kwangu. Miaka ya 1980 chuoni tulikuwa tukiwanasa walimu wanafunzi kwenye kaseti, zile ndogo ambazo kampuni ya Philips ilizitoa mwaka 1963, ili wajisikie wenyewe jinsi wanavyouliza swali na kulijibu kabla mtoto hajafungua mdomo. Kaseti ina uvumi wake wa asili, shhh isiyokoma, kama mvua ya mbali. Ukinasa sauti ndogo, siku ya kusikiliza utapandisha redio na uvumi utapanda nayo. Dawa ilikuwa kunasa kwa nguvu, hadi sindano ya kipimo iguse eneo jekundu kila sauti inapokaza. Ukizidisha kidogo kanda ilisamehe. Ilizibana sauti zile za juu polepole, wengine hata wakaupenda uzito wake. Kanuni hiyo nilimpa mjukuu wangu mwaka 2007 alipokuwa na miaka 12, tukiwa na redio kaseti yangu kibarazani, nikamfanya airudie kama jedwali la kuzidisha: sindano iguse nyekundu. Aliirudia vizuri sana. Miaka 10 baadaye, mbele ya mashine yenye taa badala ya sindano, aliitii.

Sikumwambia sababu yake. Mwalimu mwanafunzi aliyefundisha kanuni bila sababu nilikuwa nikimkata alama 15 na simsikilizi akijitetea.

Yapata saa nne usiku ule wa sendofu, mke wangu aliitwa amwusie bibi harusi. Yeye na mjukuu wake DJ walikuwa na utani wao wa siku zote, wa bibi na mjukuu. Alimwita mume wangu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, wimbo ukiwa bado unapiga, akasema kwa sauti yake ile ya kawaida: "Mume wangu, hebu punguza ngoma yako nami niseme." Watu wakacheka. Mshereheshaji akaichukua maikrofoni akamsogezea hadi mdomoni, naye akasema kwa dakika 6.

Sikumbuki yote aliyosema. Niliketi meza ya mbele nikijua kwamba yananaswa, na mtu anayejua kwamba jambo linanaswa halisikilizi kwa bidii. Alifariki Novemba 2018. Matanga yalipokwisha nikamwomba kijana ile faili.

Katika dakika 6 zile kinachosikika ni mtu anayezungumza ndani ya mashine ya kusaga nafaka. Jina la bibi harusi linatambulika. Neno uvumilivu linatambulika mara mbili. Pana mahali alipocheka, na kicheko kimekuwa kama kitambaa kinachochanwa. Sentensi iliyo safi ni moja tu, ile ya kwanza, kwa sababu aliisema akiwa mbali na maikrofoni.

Kijana alinitetea utetezi ambao mwanzoni niliudhani wa uongo. "Babu, nisamehe, lakini kipimo cha kompyuta kilikuwa kijani usiku kucha. Mwanzoni kiliwaka nyekundu, nikakishusha kwenye programu, kikawa kijani. Naapa." Tuliketi sebuleni siku mbili tukiitazama michoro ile kwa kuikuza, na alikuwa akisema kweli. Vichwa vya mawimbi havikukatwa kwenye sifuri. Vilikatwa vyote kwa mstari mmoja kwenye nusu ya kimo, sawasawa kabisa, mfano wa ua wa michongoma uliopitiwa na mkasi. Nusu ya kimo ni desibeli 6 chini ya sifuri, na hapo kipimo hakina sababu ya kuwaka nyekundu.

Kumbe kosa lilitendeka mlangoni, kabla sauti haijakifikia kipimo. Alikuwa ameuchomeka waya utokao kwenye miksa moja kwa moja katika tundu dogo la kompyuta ya mpakato, na tundu lile ni la maikrofoni. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, hivyo nyuma ya tundu lake huwekwa kikuzaji. Sauti itokayo kwenye miksa huweza kuwa na nguvu mara mia na zaidi, na ukiipitisha hapo hukatwa vichwa papo hapo. Baada ya hapo, kushusha kiwango ndani ya programu ni sawa na kuipunguza picha ya mtu aliyekatwa kichwa: utapata picha ndogo ya mtu asiye na kichwa. Kompyuta kubwa za mezani huwa na matundu kwa rangi, la waridi kwa maikrofoni na la samawati kwa sauti nzito kama ya miksa, lakini za mpakato nyingi zina tundu moja tu. Na kwa kuwa miksa yenyewe ilikuwa ikisukumwa hadi kwenye taa nyekundu kwa kanuni ya babu yake, hakukuwa na namna ya kunusurika.

Tulijaribu programu za kutibu. Zipo, na hufanya kazi kwa kukisia: hutazama wimbi lilivyokuwa likipanda na lilivyoshuka, zikachora kichwa kinachoelekea kufaa. Kwa vipigo vichache vya ngoma husaidia. Kwa dakika 6 za mazungumzo yaliyokatwa karibu kila silabi, tulichopata ni sauti ya mwanamke mwingine. Nilimwambia aizime.

Miksi ya pili aliinasa mwaka 2024, hapa hapa nyumbani, kwa ajili ya kumbukumbu ya bibi yake. Nyimbo nyingi ni zile zile. Kijana sasa ana miaka 29 na vyombo vyake ni bora, ingawa si vya bei kubwa: kadi ya sauti ya nje, kisanduku kidogo cha kuchomeka kwa waya wa USB, chenye matundu yanayoistahimili sauti ya miksa. Waya aliuchukua kwenye tundu la miksa lililotengwa kwa ajili ya kunasia, ambalo katika miksa nyingi halitegemei kile kitufe kikubwa cha sauti ya ukumbini. Faida yake wenye sherehe wanapaswa kuijua. Ukumbi ukitaka kelele, upewe kelele zake kwa kitufe kikubwa, kompyuta isihusishwe. Nilimwuliza kwa nini asinase ndani kwa ndani, maana programu kadhaa za kuchezea nyimbo, VirtualDJ mojawapo, zina uwezo huo na waya hauhitajiki. Akasema kwa miksi ya nyumbani inafaa, lakini kwenye sherehe maikrofoni mara nyingi huingia kwenye miksa bila kupitia kompyuta, kwa hiyo utanasa nyimbo zote na hotuba usipate hata moja. Jibu hilo nililiandika daftarini, na pembeni nikatia alama ya vema.

Kabla hajaanza alifanya jambo ambalo mwaka 2017 hakulifanya. Alitafuta mahali penye kelele kuliko pote katika saa nzima ya miksi, nako si ndani ya wimbo wowote bali kwenye maungio, pale singeli moja inapoingia juu ya nyingine. Nyimbo mbili zenye nguvu sawa zikipigwa pamoja jumla yake hupanda kwa kiasi cha desibeli 3, na ngoma zao zikiangukia wakati mmoja hasa huweza kukaribia 6. Wengi hupima kwa wimbo mmoja, wakaridhika, halafu kila maungio yanagonga dari. Yeye alipima kwa yale maungio, akapunguza sauti nzito za wimbo mmoja wakati za mwingine zikiingia, na akaweka kiwango ambacho hata hapo vipigo havikuvuka desibeli 8 chini ya sifuri. Nyimbo za kawaida zilicheza kwenye 12.

Vijana wengi wangeiona nafasi ile tupu juu ya mchoro wakadhani ni hasara. Ni akiba, na akiba haiozi. Alinasa kwa biti 24, na kila biti ni kiasi cha desibeli 6. Kwa hiyo aliyeacha desibeli 12 wazi ametumia biti 2, zimebaki 22, ambazo bado ni nyingi kuliko zile 16 za CD. Sebule yetu, yenye feni juu na kuku nje, haina ukimya wa kuzijaza. Uvumi wa kaseti uliotufanya tukimbilie nyekundu haupo tena. Saa nzima ilipokwisha ndipo aliipandisha faili yote kwa mara moja, kwa kiasi kimoja, hadi kipigo kirefu kuliko vyote kikasimama desibeli 1 chini ya sifuri. Hiyo 1 ni kwa sababu faili ikibanwa kuwa MP3 vipigo huweza kuchupa kidogo. Mdogo wake alimwambia miksi itasikika ndogo kuliko za wenzake mtandaoni. Haitasikika hivyo siku zote. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana mwaka 2010 kupima wastani wa ukubwa na kuulinganisha, na mitandao mikubwa ya muziki ikafuata; Spotify kwa kawaida hushusha chochote kilichozidi kiasi cha 14 chini ya sifuri kwa kipimo kiitwacho LUFS. Aliyejenga tofali hushushwa kimo, na anabaki na tofali.

Kuhusu Zuwena alinifurahisha. Hakumpandisha Marijani awafikie wa leo, aliwashusha wa leo wamfikie Marijani. Hivyo ndivyo tulivyofanya darasani: mtoto mwenye sauti ndogo hatukumwambia apige kelele, tuliwanyamazisha wanaopiga. Katika miksi hii, kwa mara ya kwanza tangu siku za redio ya betri, nimesikia vidole vikitembea kwenye nyuzi za gitaa kati ya sauti na sauti. Kiwango cha sauti nampa 80.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro ameshaanza kusinzia. Miksi hii ina woga. Mwaka 2017 kijana aliharibu sauti, ila alikuwa akicheza. Kulikuwa na ujasiri wa mtu anayewatazama watu usoni. Sasa mkono wake mmoja uko kwenye kitufe muda wote. Dakika ya 33, taarabu inapokabidhi kwa Bongo Fleva, wimbo mpya unaingia chini kwa desibeli 3 nzima na kusimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Furaha ya maungio ni ile hatua ndogo ya kupanda. Ngazi nilizozilaumu hapo juu ni zile zisizoshukwa. Mtu anaweza kupanda kidato kimoja kwenye kilele cha miksi ikiwa kabla yake alishuka. Uteuzi umebaki 85. Maungio, ambayo nilitarajia yapande, nimeyapa 65. Alipoziona alama hizo alisema, "Babu, wewe hukustaafu," nami sikumjibu.

Liko jambo la mwisho, dakika ya 52. Baada ya wimbo wa Mbaraka ameshusha muziki taratibu, na katika nafasi hiyo ameiweka ile sentensi moja safi ya mwaka 2017. Hakuniambia kabla. Nilikuwa naandika kuhusu maungio nikasikia mke wangu akimwomba mumewe apunguze ngoma, na ngoma ikapungua.

Niliirudia mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Kosa lipo, na ni la kiwango. Ameikuza sentensi ile hadi vilele vyake vikalingana na vipigo vya nyimbo, kwa kuhofia isisikike ndani ya gari. Matokeo yake marehemu anasikika kama anafoka, na uvumi wa ukumbi wa nyuma yake umepanda pamoja naye. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa akisema polepole, na watu wakinyamaza wenyewe. Nimemwambia kijana amshushe bibi yake kwa desibeli 4, aupunguze muziki wa chini yake zaidi ya alivyoupunguza, kisha ainase tena sehemu hiyo aniletee Jumamosi.